Kasoro katika Michezo ya Video: Mnunuzi Anadai Nini, na kwa Haki Gani?

Nyahanga ni kata mojawapo ya Manispaa ya Kahama, mkoani Shinyanga. Mji huo umo katika ukanda wa dhahabu unaoenea hadi Geita, na barabara kuu iendayo Rwanda na Burundi hupita hapo. Wakazi wake huishi kwa biashara, kwa kilimo cha mpunga, mahindi na pamba, na kwa kazi zinazoambatana na migodi. Kama ilivyo katika miji mingi ya Tanzania, vijana wa huko wanaifahamu vema michezo ya video, ambayo wenyewe huiita magemu.

Yafaa somo hili lianze kwa mfano. Mfano wenyewe ni wa kubuni, lakini yaliyomo ni mambo ya kila siku. Mwenye kibanda ananunua mashine ya kuchezea, televisheni moja, pedi mbili, na mchezo wa mpira wa miguu uliotoka karibuni. Anatoza shilingi 500 kwa mechi. Jioni moja vijana wawili wanashindana, nao wenzao wamejazana kwenye benchi nyuma yao. Dakika ya 88, timu moja ikiwa mbele kwa bao moja, picha inaganda. Kipa amening'inia hewani, mpira hauonekani, na pedi zikibonyezwa hakuna kinachotokea. Mashine inazimwa na kuwashwa upya. Inapowaka, matokeo ya mechi yamepotea.

“Kaka, nirudishie hela yangu,” anasema kijana aliyekuwa akiongoza.

“Mdogo wangu, mechi mmeicheza ikabaki dakika mbili tu,” anajibu mwenye kibanda. “Na hizo pedi mnazibonyeza kama mnatwanga mpunga. Mimi nifanyeje?”

Watazamaji wanagawanyika makundi mawili. Shilingi 500 si fedha nyingi, lakini swali lililozuka hapo si dogo. Kosa ni la nani: la mchezaji, la mwenye kibanda, la umeme, la mashine, au la kampuni iliyoutengeneza mchezo huo katika nchi ya mbali? Na mtu aliyelipa fedha zake ana haki ya kutarajia nini? Somo hili linaeleza asili ya kasoro hizo, sababu ya kuuzwa kwa bidhaa yenye kasoro, na njia ambayo mtumiaji anaweza kuifuata ili ajue kasoro imetoka wapi.

1. Programu ni nini, na kasoro huingiaje?

Mchezo wa video, kama kazi nyingine yoyote ya kompyuta, huendeshwa na programu. Programu ni mfululizo wa maagizo ambayo mashine huyafuata moja baada ya jingine kwa kasi kubwa mno. Mashine haina akili ya kukisia mwandishi wa programu alikusudia nini. Hufanya lile tu lililoandikwa. Agizo likiandikwa vibaya, au likikosekana pale linapohitajika, mashine hutii hivyo hivyo, na matokeo yake huwa kasoro.

Wahandisi wanaosema Kiingereza huiita kasoro ya namna hiyo kwa jina la mdudu. Jina hilo lilikuwa likitumika miongoni mwao tangu karne ya 19, lakini lilipata umaarufu zaidi kwa sababu ya tukio la tarehe 9 Septemba 1947. Siku hiyo mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo, wakambandika kwenye daftari lao la kazi. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho hadi leo. Hata hivyo, kasoro nyingi mno hazitokani na wadudu wala vumbi. Hutokana na fikira za mwanadamu aliyeandika maagizo.

Mfano ulio wazi ni mchezo uitwao Pac-Man, uliotolewa na kampuni ya Namco ya Japani mwaka 1980. Mchezo huo uliihesabu hatua aliyofikia mchezaji kwa kutumia sehemu ya kumbukumbu iitwayo baiti, yenye biti 8. Biti 8 zaweza kuonyesha namba 256 tu, yaani kuanzia 0 hadi 255. Hali hiyo hufanana na kipima-umbali cha gari chenye tarakimu tatu: kikishafika 999, kilometa inayofuata hukirudisha kwenye 000. Mchezaji hodari alipoifikia hatua ya 256, hesabu ya ndani ya mashine ilirudi sifuri. Sehemu ya programu iliyopaswa kuchora matunda machache pembeni mwa kioo ilikosea hesabu, ikajaribu kuyachora 256. Nusu ya kulia ya kioo ikajaa herufi na alama zisizo na maana, na mchezo haukuweza kuendelea.

Msomaji aone jambo moja hapo. Mashine haikuharibika, umeme haukukatika, na mchezaji hakukosea. Kasoro ilikuwamo ndani ya programu tangu siku ya kwanza, ikimngoja mtu atakayefika mbali kiasi hicho.

2. Kwa nini kasoro haziwezi kumalizwa zote?

Mtu anaweza kuuliza kwa nini watengenezaji wasijaribu kila kitu kabla ya kuuza. Jibu limo katika hesabu. Chukua programu ndogo yenye mambo 10 ambayo kila moja laweza kuwa ndiyo au siyo: mvua inanyesha au hainyeshi, mchezaji ana mpira au hana, na kadhalika. Hali zinazoweza kutokea ni 2 zilizozidishwa kwa 2 mara kumi, yaani 1,024. Mambo yakiwa 20, hali hufika 1,048,576. Yakiwa 30, hali huwa 1,073,741,824. Mtu akizikagua hizo za mwisho moja kila sekunde, bila kulala wala kula, atamaliza baada ya miaka 34 hivi. Na mchezo mmoja wa mpira una wachezaji 22 uwanjani, kila mmoja na mahali pake, mwendo wake na uchovu wake. Mambo yake huzidi 30 kwa mbali sana.

Hata mchezo wa asili waweza kuwa na hali ambazo hakuna aliyezitazamia. Bao la Waswahili, lenye mashimo 32 na kete 64, limechezwa kwa vizazi vingi. Wasukuma nao wana mchezo wa jamii hiyo uitwao isolo. Mwaka 2006 watafiti walioichunguza bao kwa kompyuta walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba zipo hali ambamo mchezaji akianza kugawa kete, zoezi la kugawa huendelea shimo hadi shimo bila kukoma kamwe. Wazee wawili barazani wakifikwa na hali hiyo watacheka, watasimama, na watapatana la kufanya. Kompyuta haina uwezo huo isipokuwa iwe imeagizwa mapema. Itagawa kete hadi umeme ukatike. Mtazamaji ataona picha imesimama, naye atasema mashine imeganda, ilhali ndani yake mashine inafanya kazi kwa nguvu zote bila kufika popote.

Kwa hiyo sayansi inakiri kwamba programu kubwa isiyo na kasoro hata moja ni nadra mno. Lakini kukiri huko kusigeuzwe kuwa kisingizio. Daraja lolote laweza kuwa na ufa mdogo usioonekana. Hilo halimpi mkandarasi ruhusa ya kukabidhi daraja lisilo na nguzo. Kuna tofauti kubwa kati ya kasoro iliyojificha na kasoro iliyoachwa. Alama tatu zaweza kumsaidia mtu kuzitofautisha. Kwanza, je, kasoro hiyo ingeonekana na mtu yeyote aliyeutumia mchezo kwa saa chache za kawaida? Pili, je, inaharibu matumizi makuu ya bidhaa, au ni doa tu? Tatu, je, muuzaji aliijua akaificha? Kasoro ya Pac-Man hailingani na alama hizo, kwa kuwa wachezaji wengi hawakuifikia hatua ile. Zipo nyingine zinazolingana nazo zote.

3. Ahadi na bidhaa

Tangu mwaka 2019, masoko ya madini yamefunguliwa katika mikoa ya Tanzania yenye machimbo, kuanzia Geita. Katika soko la namna hiyo dhahabu hupimwa uzito na usafi wake kabla ya fedha kutolewa, na muuzaji na mnunuzi huyaona matokeo ya mizani. Mchezo wa video huuzwa kwa utaratibu ulio kinyume. Mnunuzi hulipa kwanza, pengine miezi kadhaa kabla bidhaa haijatoka, kwa kutegemea picha za matangazo zilizochaguliwa na muuzaji mwenyewe. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Hasira ya mnunuzi gunia linapofunguliwa haitokani na kasoro peke yake. Hutokana na umbali uliopo kati ya alichoahidiwa na alichokipata. Wahenga walisema ahadi ni deni.

Historia inatoa mifano mitatu ya kufaa.

Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitaka mchezo unaohusu filamu mashuhuri iitwayo E.T. uwe madukani kabla ya Krismasi. Mwandishi wake alipewa majuma yapatayo matano tu, kazi ambayo kwa kawaida ilichukua miezi. Wachezaji walilalamika kwamba walikuwa wakitumbukia mashimoni mara kwa mara bila kujua njia ya kutoka. Kasha nyingi hazikununuliwa, na nyingine zikarudishwa. Septemba 1983 kampuni ilizika shehena ya bidhaa zake zilizododa katika jalala la Alamogordo, jimbo la New Mexico, na mwaka 2014 wachimbaji walizifukua baadhi yake. Mchezo huo mmoja haukuangusha biashara yote peke yake. Soko lilikuwa limejaa michezo duni ya kila namna. Lakini wanunuzi walikwisha kuchoka, na soko la michezo ya video nchini Marekani likaporomoka. Kampuni ya Nintendo ilipoingia humo mwaka 1985, ilibandika muhuri wa ubora kwenye kasha za michezo yake. Ilitambua kwamba kitu cha kwanza cha kuuza ni imani.

Mfano wa pili ni wa Poland. Kampuni ya CD Projekt iliutangaza mchezo wake Cyberpunk 2077 kwa miaka mingi, ikaahirisha tarehe mara kadhaa, na hatimaye ikautoa tarehe 10 Desemba 2020. Mamilioni ya watu walikuwa wamekwisha kuulipia. Kwenye mashine za zamani kidogo, kama PlayStation 4, mchezo ulikwama, picha zilichelewa kujitokeza, na mara nyingi programu ilijifunga yenyewe. Wahakiki walipewa kabla nakala ya kompyuta tu, ambayo ilikuwa na hali nzuri zaidi. Baadaye kampuni ikaomba radhi kwa kutouonyesha mchezo kwenye mashine hizo za zamani. Siku chache baadaye kampuni ya Sony iliuondoa mchezo huo katika duka lake na kutangaza kuwarejeshea wanunuzi fedha zao. Ulirudishwa dukani Juni 2021. Alama zote tatu zilizotajwa zilikuwapo.

Mfano wa tatu unawagusa zaidi wapenzi wa mpira. Kampuni ya Konami ya Japani, iliyojijengea sifa kwa mchezo wa PES, ilitoa mrithi wake aitwaye eFootball 2022 tarehe 30 Septemba 2021. Nyuso za wachezaji zilipotoka, miili ilipitana kama moshi, na mpira ulikwenda kusikotarajiwa. Kampuni iliomba radhi siku iliyofuata, na toleo lililokamilika zaidi likatoka tarehe 14 Aprili 2022. Mchezo wenyewe ulitolewa bure, na bado watu walikasirika. Jambo hilo lina fundisho. Mtu hutoa zaidi ya fedha: hutoa muda wake, na hutoa imani aliyoijenga kwa miaka mingi kwa jina la bidhaa.

Fundisho la namna hiyo si geni Tanzania. Katikati ya miaka ya 1960 Wizara ya Fedha ilipata kompyuta, ya kwanza nchini. Jitihada za kuziendesha hesabu za Serikali kwa kompyuta hazikufaulu, kwa sababu maandalizi na wataalamu wa nchini walikuwa haba, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Masharti hayo yalilegezwa katika miaka ya 1980. Hesabu za taifa na mechi ya kibandani ni mambo mawili tofauti, lakini kanuni ni ile ile. Chombo kikipokelewa kwa matumaini makubwa kisha kikashindwa kazi, imani iliyopotea huchukua miaka kurudi.

4. Marekebisho: nani anayalipia?

Katika miaka ya 1980 programu ya mchezo iliandikwa ndani ya kasha, na ikishauzwa haikuweza kubadilishwa. Mtengenezaji alijua kwamba kosa lake lingebaki pale daima, kwa hiyo alikuwa na sababu ya kukagua. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mashine zenye hifadhi kubwa na uwezo wa kuunganishwa na intaneti, kama PlayStation 3 ya mwaka 2006, ziliwezesha kampuni kutuma marekebisho baada ya mauzo. Uwezo huo una manufaa makubwa: kasoro iliyojificha huweza kuondolewa bila mnunuzi kuirudisha bidhaa dukani. Lakini umeleta pia tabia ya kuuza kwanza na kumaliza kazi baadaye.

Kampuni husema marekebisho hayo hutolewa bure. Yafaa neno hilo lipimwe kwa hesabu ya Nyahanga. Chukua marekebisho ya gigabaiti 20, ukubwa usio wa ajabu kwa michezo ya sasa. Iwapo gigabaiti moja ya bando hugharimu shilingi 2,000, mwenye kibanda atalipa shilingi 40,000. Kwa mtozo wa shilingi 500, hizo ni mechi 80 atakazozifanyia kazi ili tu mchezo aliokwisha kuununua ufanye kile ulichouzwa ukidaiwa kukifanya. Kisha kuna muda. Kwa mtandao wa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 20 huchukua saa 9 hivi, ikiwa umeme na mtandao havitakatika. Mtu anayeishi penye intaneti ya waya isiyo na kikomo haoni gharama hiyo, na mwandishi wa programu aliyeko katika mji wa namna hiyo aghalabu haifikirii. Mzigo wa kazi isiyokamilika umehamishwa kutoka kiwandani hadi kibandani.

Nakala zisizo halali huzidisha tatizo. Mashine iliyofunguliwa ili isome nakala za kuchapwa haiwezi kuunganishwa salama na mtandao wa kampuni, kwa hiyo hubaki na toleo la siku ya kwanza pamoja na kasoro zake zote. Mwenye nakala hiyo hana pa kudai, kwa kuwa hakununua kwa mwenye bidhaa.

5. Kutafuta chanzo cha kasoro

Kabla ya kumlaumu mtu, chanzo kijulikane. Kanuni ya maabara yafaa hata kibandani: badilisha jambo moja kwa wakati mmoja, na mengine yote yaache kama yalivyo. Anayebadilisha pedi, diski na waya wa umeme kwa pamoja, mashine ikapona, hatajua ni kipi kilichokuwa kibovu.

(a) Umeme. Mashine ikizima kabisa, au taa za kibanda zikififia wakati ule ule, chanzo huenda ni umeme. Ichomekwe kwenye kifaa cha kusawazisha umeme, kisha mchezo ujaribiwe tena.

(b) Joto na vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi la barabarani huingia ndani ya mashine na kuziba feni. Kasoro inayotokea baada ya mashine kufanya kazi kwa muda mrefu, na isiyotokea asubuhi ikiwa baridi, huashiria joto. Feni isafishwe na fundi, na mashine isogezwe mbali na ukuta.

(c) Pedi. Mchezaji akijiendea mwenyewe upande mmoja bila kuguswa, pedi ya pili ichomekwe. Tatizo likihama pamoja na pedi, mbovu ni pedi.

(d) Diski. Diski iliyokwaruzika huleta mkwamo pale mashine inapotaka kusoma sehemu fulani. Nakala nyingine ya mchezo huo huo ijaribiwe kwenye mashine hiyo hiyo.

(e) Programu. Michezo mingine ikienda sawa kwenye mashine hiyo, na mchezo huu ukikwama mahali pale pale hata kwenye mashine nyingine, shaka kubwa iangukie programu.

Kila jaribio liandikwe kwenye daftari: tarehe, saa, toleo la mchezo, timu zilizokuwa zikicheza, kitendo cha mwisho kabla ya mkwamo, na mara ngapi kitendo hicho kimeleta matokeo yale yale. Taarifa isemayo “mchezo wenu mbovu” haimsaidii mhandisi. Taarifa isemayo “mchezaji akibadilishwa baada ya dakika ya 85 mvua ikinyesha, picha huganda mara 4 katika majaribio 5” humpa mahali pa kuanzia. Kwa daftari hilo mtumiaji huacha kuwa mlalamikaji tu, akawa mtafiti.

6. Haki ya mnunuzi

Sheria ya Tanzania inayohusu mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, inatambua kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa mfanyabiashara anayeshughulika nayo yapaswa kuwa na ubora wa kuuzika, na kwamba mnunuzi aliyeeleza haja yake akategemea ujuzi wa muuzaji apewe kitu kinachoifaa haja hiyo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Sheria hizo hazikuandikwa kwa kufikiria michezo inayopakuliwa kutoka ng'ambo, na kumfuata muuzaji asiye na duka nchini ni jambo gumu.

Nchi nyingine zimekwisha kuchukua hatua. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2015 inataja waziwazi kwamba maudhui ya kidijiti yanayouzwa lazima yawe na ubora wa kuridhisha, yafae kwa kazi yake, na yalingane na maelezo ya muuzaji. Kanuni za Umoja wa Ulaya za namna hiyo zilianza kutumika mwaka 2022. Huko Australia, mwaka 2016 mahakama iliitoza kampuni ya Valve, yenye duka la michezo liitwalo Steam, faini ya dola milioni 3 za nchi hiyo kwa kuwaambia wanunuzi kwamba hawana haki ya kurejeshewa fedha. Duka hilo lilikuwa limeanza tangu mwaka 2015 kumruhusu mnunuzi kuomba fedha zake ndani ya siku 14, ikiwa ameucheza mchezo kwa muda usiozidi saa 2.

Mwenye kibanda yuko mahali pagumu zaidi. Leseni za michezo mingi huruhusu matumizi ya nyumbani tu, wala si kutoza watu fedha. Akidai, huenda akaulizwa kwanza habari za leseni. Kwa kijana aliyelipa shilingi 500, yeye ni muuzaji. Kwa kampuni iliyotengeneza mchezo, yeye ni mnunuzi, tena asiyetambuliwa. Hasara inayoanzia juu humwangukia yeye, naye hushawishika kuitupa chini kwa mtoto mwenye sarafu moja.

7. Hitimisho

Ugomvi wa Nyahanga sasa waweza kuamuliwa. Kijana alilipia mechi nzima, wala si dakika 88, na kubonyeza pedi kwa nguvu hakugandishi picha ya mchezo uliotengenezwa vema. Pedi huundwa ili ibonyezwe. Dai lake ni la haki. Mwenye kibanda naye hakuiandika programu, lakini ndiye aliyepokea fedha. Njia iliyo nyepesi kwa wote wawili ni kanuni iliyoandikwa ukutani kabla ya mechi yoyote kuanza: mchezo ukiganda bila kosa la mchezaji, mechi hurudiwa bila malipo. Kisha mwenye kibanda aandike kasoro hiyo kwenye daftari, asubiri kabla ya kununua michezo iliyotoka juzi, na aulize wenzake waliokwisha kuijaribu. Kusubiri mwezi mmoja au miwili hakumgharimu chochote, na mara nyingi humwokoa.

Kwa upande wa watengenezaji, wakiwamo vijana wa Tanzania wanaojifunza kuandika programu, fundisho ni moja. Kasoro iliyojificha husameheka ikikiriwa na kurekebishwa. Kasoro iliyojulikana ikauzwa hivyo hivyo ni deni, na kwa sasa deni hilo hulipwa na mtu wa mbali kwa bando lake.

Maswali ya majadiliano

1. Programu ina mambo 16 ambayo kila moja laweza kuwa ndiyo au siyo. Hali ngapi zaweza kutokea? Mkaguzi mmoja akikagua hali moja kila sekunde, atatumia saa ngapi?

2. Pedi, diski na programu zote zinashukiwa. Panga majaribio matatu ya kutafuta chanzo, na ueleze kwa nini umeyapanga kwa mfuatano huo.

3. Mchezo unaotolewa bure ukiwa na kasoro, je, mtumiaji ana haki ya kulalamika? Toa sababu.

4. Andika kanuni tatu za kubandikwa kwenye kibanda cha michezo, zitakazomlinda mteja bila kumfilisi mwenye kibanda.